Makopo Manne ya Mama Mkwe

Kijiwe cha Taruma kilikuwa nyuma ya soko la Voi, mahali ambapo ukuta wa ghala hutupa kivuli chembamba kuanzia saa saba mchana na kukinenepesha polepole mpaka jioni. Benchi lenyewe lilikuwa taruma la reli, lile pande la chuma linalolazwa chini ya reli, lililowekwa juu ya mawe mawili. Kabla ya saa saba halikaliki, na mgeni asiye na subira alijulikana kwa jinsi alivyoinuka. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, ule ambao jua lilipatwa mwezi wa Juni na watu wakalitazama kupitia vipande vya chupa vilivyopakwa masizi. Wenye kijiwe walikuwa wanne. Ndulu, fundi bati, aliitwa Lehemu. Hudson hakuachana na redio yake hata akienda msalani, kwa hivyo akaitwa Redio. Thadeus, mtu wa Bura aliyewahi kufundisha watoto katekisimu, aliitwa Methali, kwa sababu alizijua methali zote ila mahali pa kuzitumia. Wa nne alikuwa Opiyo, mshika bendera wa stesheni, naye jina lake lilikuwa Bendera tu. Kahawa waliuziwa na mzee mmoja wa pwani aliyeitwa Dele, kama birika lake, na baada ya miaka kumi na miwili hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina jingine. Jumamosi moja ya Agosti, kivuli kikiwa ndiyo kwanza kimefika kwenye taruma, Opiyo alitokea akiwa amekumbatia kopo la kijani kwa mikono miwili, akitembea kama mtu aliyebeba mgonjwa.

– Nisogezeeni, – alisema. – Hii haitaki jua.

– Ni nini hiyo? – aliuliza Hudson, akipunguza sauti ya redio.

– Ni mama mkwe.

Dele akaacha kugonganisha vikombe.

– Ndani ya kopo? – aliuliza Ndulu.

Opiyo aliliweka kopo chini, taratibu, akajifuta jasho kwa kofia ya kazi. Ndani yake mlikuwa na mmea mfupi wenye majani ya manyoya kama sikio la ndama, ule unaotoa maua madogo ya zambarau. Unapokuwa mzima majani hayo hujipanga duara kama sahani. Sasa yalikuwa yamelala ukingoni mwa kopo, ya chini yakiwa ya kahawia na laini kama sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni.

Hadithi yake waliijua, lakini aliisimulia tena, maana siku hiyo hadithi ilikuwa imepata mwisho. Miaka mitatu iliyopita alipomwoa Wakesho, binti wa vilima vya juu ya Bura, mama yake Wakesho hakuipenda safari ya mwanawe. Alisema Voi ni mahali pa magari ya moshi na ndovu, si mahali pa kulea mtu. Siku ya kumtoa binti alikwenda nyuma ya jiko lake, chini ya migomba, mahali jua linapofika limekwisha kuchujwa, akang'oa mimea minne, akaitia kwenye makopo manne ya zamani na kumkabidhi mkwewe. Si maua ya msimu, alimwambia; mmea huu ukitunzwa humzika aliyeupanda. "Leo nakupa vitu viwili visivyozoea jua, mwanangu na majani haya. Siku moja nitateremka nione vimekaaje."

– Na siku yenyewe ni leo, – alisema Opiyo. – Basi la saa kumi. Wakesho alipanda huko wiki tatu zimepita, kusaidia kuvuna maharagwe na kumleta mama. Aliniachia neno moja tu: usisahau maji.

– Ukasahau, – alisema Hudson.

– Nisahau? Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi. Nikiwa zamu ya usiku narudi mbio alfajiri na viatu havijakauka umande. Mimi mwenyewe nimekunywa maji kidogo kuliko haya majani. Na kila nikiona yamelegea, naongeza. Kitu kikilegea si kina kiu?

– Kina kiu, – walikubaliana wote, kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mchana huo.

– Yote manne yako hivi?

– Hili ndilo zima kuliko mengine.

Ndulu aliinama akalipapasa kopo ubavuni, akilifuata kwa kidole lile shono la risasi lililong'aa kama utepe.

– Ugonjwa uko kwa majani, – alisema. – Nyumba yake haina shida. Bendera aliniletea makopo ya kutu, yanachuruzika kila mahali, baraza yote matope. Yametoboka chini kama chujio. Nikamwambia, wacha hiyo aibu, mama mkwe anakuja. Nikampigia mapya manne, bila kutoza kitu, na mikono ya kushikia. Wiki tatu nzima hayajatoa tone. Hata mende hawezi kupata njia.

– Kazi nzuri, – alisema Opiyo kwa moyo wake wote. – Baraza inang'aa.

– Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, – alisema Thadeus.

Dele alikuwa amemaliza kuwamiminia. Alimtazama mgonjwa kwa muda, kichwa akikiinamisha upande.

– Mimi kwetu mama yangu alikuwa na mimea uani mpaka watu wakiomba mbegu, – alisema. – Na dawa yake ilikuwa moja. Mashapo ya kahawa. Udongo wenu huu wa Voi mwekundu hauna nguvu, wataka kutiwa weusi.

Akachukua kopo lake la mashapo, yenye majimaji, akaomba ruhusa kwa macho. Opiyo aliitikia kwa kichwa. Mashapo yakamiminwa. Yalielea juu ya udongo yakizunguka polepole.

– Jambo la mashapo si baya, – alisema Hudson, – lakini mnatibu kidole na mtu anaumwa kichwa. Nyinyi mmesahau mwezi wa Juni? Haya ni majani ya kivulini. Maisha yake yote yamejua jua ni huku na kivuli ni huku. Sasa siku moja, mchana, dunia nzima ikaingia kivuli. Kuku wakalala. Mimi mwenyewe nilizima redio. Mmea wa kivuli ukiona hivyo, unafikiria nini?

– Hebu tuambie.

– Unafikiria kazi imeisha. Kivuli kiko kila mahali, hakuna haja ya kukitafuta. Unalegea. Hata mtu akipata pensheni analegea.

– Lakini hiyo ilikuwa Juni, – alisema Opiyo. – Haya yameanza kulegea wiki mbili zimepita.

– Habari hufika polepole kwenye mizizi.

Opiyo alijaribu kulifikiria hilo. Kila jambo aliloambiwa lilionekana kwa muda mfupi kuwa ndilo lenyewe. Aliitazama saa yake. Saa nane kasoro dakika tano.

– Dawa ya hiyo ni nini?

– Kulishtua, – alisema Hudson. – Maji baridi, ghafla.

Palikuwa na mtungi wa Dele wa kuoshea vikombe. Wakalishtua. Maji yalifika ukingoni mwa kopo, yakasimama hapo, yamevimba kidogo kama machozi yasiyotaka kudondoka.

Thadeus alikuwa bado hajaanza, na kijiwe chote kilijua kwamba alikuwa akijipanga. Aliweka kikombe chini.

– Bendera, ndugu yangu. Nikuulize na usikasirike. Ukiyamwagilia haya majani, huwa unasema nayo?

Opiyo alisita.

– Kidogo.

– Kwa lugha gani?

– Si ni kwa lugha yangu tu. Nayapa pole. Nayaambia yajikaze.

– Kwa Kijaluo, – alisema Thadeus, akiwageukia wengine kama wakili. – Mmemsikia. Wakesho akiwepo, asubuhi anayasalimu kwa Kidawida kama alivyosikia kwa mama yake. Wiki tatu hizi yanaamshwa na sauti ya mtu wa ziwani, mzito hivi, anayesema maneno yasiyojulikana. Wewe ungestawi? Ungefikiri umekamatwa. Ndiyo maana yameinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Hapo mvunguni mna nini? – aliuliza Ndulu.

– Bura, – alisema Thadeus.

Wakacheka, ila Opiyo. Yeye alikuwa amekwisha kushika kifundo cha mkono wa Thadeus.

– Wewe ni wa huko. Sema nayo.

Thadeus hakutarajia hilo. Alitazama huku na huku, akajikohoza, akapiga goti moja vumbini na kulisalimu kopo kwa Kidawida, salamu ndefu ya heshima, akiulizia nyumba, ng'ombe na watoto. Wote wakainama kusikiliza. Upepo mdogo ulipita kati ya ghala na soko.

– Limetikisika, – alisema Hudson.

– Ni upepo.

– Jani la kushoto. Nimeliona kwa macho yangu. Limefanya hivi.

– Sema tena, Methali. Mwambie na habari za mvua.

Akaliambia habari za mvua. Walikuwa sasa wamepiga magoti wote, hata Dele mwenye miguu mibovu, na mama mmoja aliyepita na karai la nyanya alivua leso kichwani akidhani kuna mtu amekata roho.

Jani halikutikisika tena. Ndulu ndiye aliyesimama kwanza, akijipangusa magoti.

– Lugha si shida, – alisema. – Mimi nimewasikia, nimenyamaza, kwa sababu naheshimu ugonjwa wa mtu. Lakini mimi ni fundi, naangalia mitambo. Bendera, nyumba yako iko hatua ngapi kutoka reli?

– Arobaini.

– Na zamani injini zilizokuwa zinasimama hapo ni gani?

– Za makaa... za mvuke. Siku hizi dizeli ndizo nyingi.

– Za mvuke. Injini ya mvuke ikisimama inafanya nini? Inapumua. Moshi kando, ule mweupe, ule wa maji. Unaingia barazani kwako, nguo zinakuwa na unyevu, Wakesho anagomba. Hiyo ni nini sasa kama si ukungu wa Bura? Haya majani yalikuwa yanapata ukungu wa nyumbani kila siku saa mbili kasorobo, kwa ratiba ya serikali. Dizeli imekuja, ukungu hakuna.

Nadharia hiyo ilikuwa na reli na saa ndani yake, na Opiyo alikuwa mtu wa reli na saa.

– Kuna ya mvuke inayochota maji pale saa tisa, – alisema. – Dereva namjua. Nikiyapanga makopo manne kando ya reli, akifungua mvuke kidogo tu, nusu dakika...

– Utayapika, – alisema Dele.

– Kwa mbali.

– Utayapika kwa mbali. Mama mkwe atakuta mboga.

– Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali, – alisema Thadeus, kwa huzuni, wala hakuna aliyemuuliza maana.

Opiyo aliketi kwenye taruma. Kwa mara ya kwanza alilitazama jambo lenyewe bila kulikimbia. Angesimama kwenye kituo cha basi, amenyoa, amevaa shati jeupe. Mama mkwe angeteremka na fimbo yake na kikapu, asingesema kitu. Angefika barazani, angeyaona makopo manne, asingesema kitu. Kisha angemtazama binti yake tangu kichwani mpaka miguuni, kumtafuta yeye naye ameoza wapi.

– Hatayasema, – aliwaambia. – Ataondoka tu. Na Wakesho atajua ameondoka na neno gani. Miaka mitatu anangoja mama yake aseme nyumba hii ni nyumba.

Walimwonea huruma, na huruma ikiingia kijiweni huwa ni hatari kuliko ubishi, kwa maana kila mtu hutaka kutenda.

– Sikiliza, – alisema Hudson, akizima redio kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu jua lipatwe. – Kwani nani amesema lazima ayaone? Si yanaweza kuwa yameliwa?

– Na nani?

– Voi hii unauliza nani? Ndovu.

– Ndovu ale majani ya kopo?

– Ukame ule wa juzi walikula mpaka paa la makuti. Tena itamfurahisha mama. Yeye mwenyewe alisema Voi ni mahali pa ndovu. Ataona alisema kweli. Mzee akionekana alisema kweli, anasamehe kila kitu.

– Na nyayo? – alisema Opiyo, na sauti yake ilikuwa imebadilika. – Huyu ni mtu wa shamba. Atatazama nyayo.

Wote wakamgeukia Ndulu. Ndulu alikuwa tayari amefumba jicho moja, akipima hewa kwa viganja.

– Nina pipa la lami, chini yake limebonyea vizuri, – alisema. – Nikilikata hapa, nikagonga kucha nne kwa mbele. Nalifunga mti wa kushikia. Unapiga, unaenda mbele hatua mbili, unapiga. Nusu saa nimemaliza.

– Kucha ni tano.

– Nne. Mguu wa nyuma ni nne.

– Basi piga wa mbele na wa nyuma, usije ukaleta ndovu wa mguu mmoja.

– Ukubwa?

– Hivi.

– Huyo ni nguruwe. Hivi.

Sasa walikuwa wameinama vumbini, kila mmoja na kijiti, wakichora. Hudson alichora mguu, Thadeus akaufuta akachora mwingine, Ndulu akaweka kiatu chake kati akihesabu nyayo. Dele alisema ndovu huburuta mkonga, akachora mkonga kwa mpini wa kifagio kutoka kwenye taruma mpaka kwenye jiko la makaa. Opiyo, akiwa amewapa mgongo watu wa sokoni, alikuwa mwenye furaha ya mtu aliyeokolewa. Alionyesha kwa mikono mahali ndovu angepitia, hapa uzio, hapa tangi la maji, hapa anasimama, anafikiri, anakula.

Hawakusikia lori la kabichi likisimama nyuma yao. Hawakuona mwanamke kijana akiteremka na kuanza kupokea vikapu, wala mwanamke mzee aliyeteremshwa kwanza kutoka mbele, karibu na dereva, aliyeona kitu kivulini na kukijia moja kwa moja, akiiruka miguu yote ya ndovu bila kukanyaga hata mmoja. Basi la saa kumi walikuwa wameliacha kwa sababu jirani mwenye lori alikuwa akishuka mapema.

Dele ndiye aliyemwona. Alimwona ameinama juu ya kopo, akijaribu kuliinua kwa mkono mmoja, likakataa, akaliinua kwa miwili. Maji meusi yenye mashapo yakamwagikia kitenge chake. Akaliinamisha, akatazama chini yake. Akalirudisha. Akanusa vidole vyake.

– Samahani, wanangu, – alisema. – Maji hutokea wapi?

Opiyo aliijua sauti hiyo kabla ya kugeuka, na alipogeuka alirudi nyuma hatua tatu, kwa kuwa kwao mkwe hupewa nafasi, na hatua ya tatu ilimweka katikati ya mguu wa nyuma.

– Karibu, mama, – alisema, macho chini.

– Nimekaribia. Maji hutokea wapi?

Hudson alifungua redio, akaifunga. Thadeus alifumbua kinywa, na kwa jinsi midomo yake ilivyosogea ilionekana alikuwa akizipitia methali zote moja moja, na hakuna iliyoitika. Dele alikung'uta birika juu ya kikombe ili apate cha kumpa mgeni; lilitoa matone mawili na kuishia hapo.

Ndulu peke yake ndiye aliyekuwa akilitazama kopo. Alilitazama shono lake la risasi, lile lililong'aa kama utepe, akalifuata lote mpaka lilipofunga.

– Yale niliyompa yalikuwa na matundu matano kila moja, – alisema mama mkwe. – Niliyatoboa mwenyewe kwa msumari. – Akamtazama Opiyo. – Umeyapa maji mara ngapi?

– Asubuhi na jioni, mama.

– Siku zote?

– Wiki tatu. Na nikiona yamelegea naongeza.

Mama mkwe hakusema kitu. Wakesho alikuwa amefika, kikapu kichwani, na ameona yote kwa pamoja: kopo, mume wake, wanaume wazima waliojaa vumbi magotini. Uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu. Mama yake akamgeukia na kumwambia jambo kwa Kidawida, fupi, na Wakesho akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Opiyo alielewa maneno machache tu. Ilibidi Thadeus amtafsirie, kwa kunong'ona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Thadeus alilitia neno mahali pake.

– Amesema, kwa mtu huyu hutakufa kwa kiu.

Mama mkwe aliingiza kidole katikati ya mmea, kati ya yale majani yaliyolala, akapapasa kama mtu anayetafuta jino la mtoto. Alipapasa kwa muda.

– Moyo bado mgumu, – alisema. – Ukiwekwa pakavu, ukaachwa wiki nzima bila kuguswa, utarudi. Kwa hayo mengine tutakata jani moja moja lililo zima, tulichomeke kwenye mchanga. Jani hutoa mwenziwe. Nitakaa mpaka yashike. – Akanyoosha mkono, kiganja juu. – Nani ana msumari?

Fundi bati hakosi msumari. Ndulu aliutoa mfukoni pamoja na nyundo ndogo, lakini hakumpa. Alipiga goti, akalilaza kopo ubavu kwa upole, Opiyo akiushikilia udongo kwa viganja, akalipiga mara tano. Maji yakaanza kutoka, meusi, yenye harufu ya kisima kilichosahauliwa. Yalitoka mengi kuliko yeyote alivyodhani kopo lile lingeweza kubeba. Yalipita chini ya taruma, yakajaza mguu wa mbele wa ndovu, kisha wa nyuma, yakafuata njia ya mkonga mpaka jikoni kwa Dele, nao wakayatazama yakienda, hakuna aliyeondoa kiatu chake.

– Lakini halikuvuja, – alisema Ndulu.